Mkono wa mtoto umelegea tangu kuzaliwa: tiba, nyaraka na haki za familia (Tanga na wilaya zake)

Wakili_Ngamiani

Assalaam aleikum, habari za jioni wanajamvi. Maswali ya watoto wanaozaliwa mkono mmoja ukiwa umelegea yamekuwa mengi humu, na majibu yanatoka vipande vipande. Naufungua uzi huu yakae pamoja. Upande wa sheria nitaubeba mimi. Wakunga na watu wa fiziotherapia, nikigusa tiba mnisahihishe.

Hali yenyewe ni hii. Mkono unaendeshwa na mishipa mitano ya fahamu (neva) inayotoka kwenye uti wa mgongo shingoni: C5, C6, C7, C8 na T1. Kichwa kikishatoka halafu bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena, shingo ikivutwa sana mishipa hiyo inavutika, inachanika, au inang'oka kabisa kwenye uti. Zikiumia C5 na C6 mkono unalala ubavuni, kiwiko kimenyooka na kiganja kinatazama nyuma. Ndiyo hali inayoandikwa Erb kwenye jalada. Zikiumia C8 na T1, kinachokufa ganzi ni vidole na kiganja.

Sasa jambo ninaloomba kila mzazi alishike kabla ya kutafuta wakili: saa ya tiba inakwenda mbio kuliko saa ya sheria. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, lakini uamuzi mkubwa wa tiba huanza kufanywa mtoto akiwa na miezi 3. Familia inayosimamisha kliniki "mpaka kesi iishe" inampotezea mtoto mkono, na kesi yenyewe inadhoofika, maana mdaiwa atasema ulemavu umetokana na wazazi kuacha matibabu.

Jambo la pili ni gumu kulisikia ila lazima lisemwe. Mtoto kuumia si ushahidi kwamba kuna aliyezembea. Bega hukwama hata mkunga akiwa amefanya kila kitu sawasawa, na jeraha hili limewahi kuonekana hata kwa watoto waliozaliwa kwa upasuaji. Mahakama itauliza nini kilifanyika dakika zile bega lilipokwama, na nini kilijulikana kabla mama hajaingia leba.

Mkunga_Chumbageni

Nakazia hapo kwa Wakili. Bega likikwama hatua zinajulikana na zina mpangilio. Unaita msaada kwa sauti. Mama anaacha kusukuma. Mapaja yake yanakunjwa hadi tumboni, watu wawili wanashika kila mmoja mguu wake. Njia hii peke yake huwatoa watoto wengi. Mwingine anabonyeza juu kidogo ya mfupa wa kinena, kutokea upande wa mgongo wa mtoto, bega lipinduke na kupita. Ikishindikana, mkono unaingizwa kumzungusha mtoto kwa ndani au kuutoa kwanza mkono wake ulio nyuma. Au mama anageuzwa apige magoti na mikono.

Yasiyotakiwa ni mawili. La kwanza ni kukandamiza juu ya tumbo kwenye kilele cha mfuko wa uzazi, kwa sababu bega linazidi kusukumwa dhidi ya mfupa ule ule uliolizuia. La pili ni kuvuta kichwa kwa nguvu, kukipinda kuelekea chini au kukisokota. Mama au ndugu aliyekuwepo akikumbuka kwamba mtu alikandamiza tumboni, aandike leo leo: mkono ulikuwa wapi hasa, juu karibu na mbavu au chini kwenye kinena? Kwenye shauri tofauti hiyo ya shubiri moja ni kubwa mno.

Kumbukumbu iliyoandikwa vizuri inaonyesha saa kichwa kilipotoka na saa mwili ulipotoka, bega lipi lilikuwa mbele, hatua zipi zilifanywa na kwa mpangilio gani, nani alikuwepo, uzito wa mtoto, na alama za Apgar (kipimo cha hali ya mtoto mchanga) dakika ya 1 na ya 5. Bega lipi lilikuwa mbele ndicho kipengele kinachosahaulika sana. Kama mkono ulioumia ni wa bega lililokuwa nyuma, hoja ya kuvutwa kichwa inakuwa ngumu zaidi kuthibitisha.

Kuhusu viashiria vya kabla: kisukari cha mama, bega kukwama uzazi uliopita, mtoto mkubwa, leba iliyochelewa hatua ya kusukuma, na kutumia kifaa cha kuvuta. Ila ndugu zangu, msidhani mtoto wa kilo 3 na nusu hawezi kukwama. Mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza unasema 48% ya visa hutokea kwa watoto walio chini ya kilo 4. Ndiyo maana hatua zile zinatakiwa ziwe mikononi mwa kila mkunga, zisiwe za bingwa tu.

BintiPangani

Shikamoo dada mkunga, na asante. Naomba kuuliza: tunapewa kadi ya kliniki na karatasi ya ruhusa tu. Hayo ya dakika na bega lipi yanaandikwa wapi, na familia inayapataje bila kugombana na hospitali?

Mkunga_Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Yamo sehemu kadhaa. Patografu ni ile karatasi ya grafu ya uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia ilivyofunguka kila saa 4. Maelezo ya kujifungua yapo kwenye jalada la mama. Rejesta ya wodi ya wazazi, kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 12, ina mstari mmoja kwa kila mama. Mtoto akilazwa chumba cha watoto wachanga anafunguliwa jalada lake, na huko daktari wa watoto huandika alivyoukuta mkono. Hilo la mtoto watu hulisahau, na mara nyingi ndilo linaloeleza zaidi.

Kadi ya kliniki ya mama usiiache wodini. Ina uzito wake, presha, mkojo na sukari kama alipimwa. Piga picha kurasa zote, hata zilizo tupu. Ukurasa mtupu wa kipimo cha sukari ni ushahidi pia.

Wakili_Ngamiani

Kuomba nakala si ugomvi, ni haki. Andika barua kwa Mganga Mfawidhi, ukurasa mmoja unatosha. Weka jina la mama, namba ya jalada, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Taja unachotaka kimoja kimoja: jalada lote la mama, jalada la mtoto, patografu, fomu ya ridhaa kama kulikuwa na upasuaji au kifaa cha kuvuta, picha za eksirei, na mstari wa rejesta unaomhusu mama huyu peke yake. Usiombe ukurasa mzima wa rejesta. Una majina ya wagonjwa wengine na utanyimwa kihalali.

Kwa kituo cha umma taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Kwa umma na binafsi taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana taarifa za afya yako ni zako. Ya mtoto anaomba mzazi. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Barua iliyopokelewa bila muhuri, mahakamani ni sawa na ambayo haikupelekwa.

Barua iende ndani ya wiki za mwanzo. Majalada yanahamishwa stoo, watumishi wanahamishwa wilaya, na kumbukumbu za watu zinafifia. Na mama akae na mtu anayeandika vizuri, aeleze kila kitu tangu uchungu ulipoanza. Aweke tarehe na kusaini chini. Akitokea wa kumsahihisha, "hapana, alikuja yule nesi mwingine", msifute. Andikeni maelezo yote mawili.

Fizio_Raskazone

Naingia upande wa mkono wenyewe.

Kabla ya zoezi lolote mtoto apigwe eksirei ya mtulinga na mfupa wa juu wa mkono. Mtulinga kuvunjika wakati wa kuzaliwa si jambo adimu, nao hulegeza mkono kwa maumivu ukadhani ni neva. Mwangalieni na kupumua. Upande mmoja wa kifua usiponyanyuka sawasawa, mshipa wa fahamu wa kiwambo (msuli wa kupumulia) unaweza kuwa umeguswa. Tazameni jicho la upande ule ule pia: kope likiwa limeshuka na mboni ikawa ndogo kuliko ya pili, ni dalili ya mishipa kung'oka huku chini kwenye T1, na huyo hasubiri miezi, anapewa rufaa mapema.

Mazoezi huanza ndani ya wiki chache za mwanzo, mara mtaalamu akiruhusu. Lililo muhimu kuliko yote ndilo watu hulikosea: kulizungusha bega kwenda nje. Mlaze chali, kiwiko chake kimekunjwa na kubanwa ubavuni, kisha peleka kiganja chake taratibu upande wa nje, mithili ya mlango unaofunguka. Shikilia ukihesabu mpaka kumi, rudisha. Mara 10 kila unapobadilisha nepi. Bega lisipozungushwa hivi linakaza kuelekea ndani, na mfupa unaoendelea kukua unakua vibaya ndani ya kiungo. Hapo hata neva zikipona mkono haunyanyuki sawa.

Kumvika: mkono ulioumia unaingia kwanza kwenye nguo. Kumvua: mkono mzima unatoka kwanza. Usimwinue kwa kwapa wala kumvuta kwa mikono. Kwenye mbeleko hakikisha mkono umo ndani, umekunjwa kifuani. Ukining'inia nje unavuta bega safari nzima. Mama na bibi wanaokanda kwa mafuta ya nazi, mafuta hayadhuru ngozi na mtoto anatulia. Kuvuta na "kurudisha" kiungo ndiko kunakodhuru, tafadhali sana.

Neva hukua takribani milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni mpaka msuli wa kukunja kiwiko ni safari ya miezi, kwa hiyo kutoona mabadiliko wiki ya tatu si kushindwa. Ila mtoto akifika miezi 3 bila kuweza kukunja kiwiko kupeleka mkono mdomoni, aonwe na wapasuaji. Hapa kwetu njia ni Hospitali ya Bombo, kisha rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Hospitali ya CCBRT nayo Dar inapokea watoto kwa mazoezi tiba. Upasuaji wa neva kwa kawaida hufanyika kati ya miezi 3 na 9. Ukicheleweshwa sana msuli wenyewe unakuwa umekwisha kunyauka, na neva mpya haina pa kushika.

Kila wiki mrekodini video ya nusu dakika, mikono yote miwili ionekane ndani ya picha moja, bila kumshika. Daktari ataitumia, wakili naye ataitumia.

Ustawi_Korogwe

Fizio umemaliza. Naongeza la gharama: kila kliniki iandikwe kwenye daftari moja, tarehe, mahali, nauli, nani aliyemsindikiza mama. Tiketi za basi zibandikwe humo, na dukani daini risiti ya EFD. Kwa nauli za bodaboda na daladala zisizo na risiti, andika siku ile ile. Familia isiyomudu nauli ya rufaa ipite kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla ya siku ya safari, si baada ya kukopa.

Wakili_Ngamiani

Daftari hilo ndilo fidia mahususi. Mahakama zetu zimeshika msimamo huo miaka mingi, katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya mwaka 1992: fidia mahususi lazima itajwe bayana na ithibitishwe. Maumivu, ulemavu na mtoto kukosa uwezo wa baadaye ni fidia ya jumla, anayekadiria ni hakimu au jaji.

Sasa nani anashtakiwa. Mashauri mengi yanakufa hapa kabla ushahidi haujasikilizwa, kwa pingamizi la awali. Hospitali kama jengo si mtu kisheria. Tafuta mwenye nayo.

Zahanati na vituo vya afya vya serikali ni vya halmashauri, kwa hapa mjini Halmashauri ya Jiji la Tanga. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ipo chini ya Wizara ya Afya. Kote huko huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kwa taasisi inayodaiwa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ikieleza kilichotokea na unachodai. Siku 90 zikiisha shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huu unazihusu halmashauri pia. Ukimwacha Mwanasheria Mkuu, ukifungua siku ya 80, au ukifungua Mahakama ya Wilaya, shauri linaondolewa na unaanza upya. Kwa hiyo usisubiri mwezi wa mwisho wa mwaka wa tatu ndipo uandike notisi. Hesabu kurudi nyuma: notisi iwe imetoka angalau nusu mwaka kabla ya ukomo.

Mtoto hafungui shauri mwenyewe, anafungua kupitia rafiki wa karibu, ambaye huwa mzazi. Madai ya mzazi mwenyewe (gharama alizotoa, majeraha ya mama) yatajwe kivyake. Kuyachanganya chini ya jina la mtoto kunaleta mabishano yasiyo ya lazima.

MzeeMuheza

Wakili, je hospitali ya misheni ambayo pia ndiyo teule ya wilaya? Na wapo wanaokuja nyumbani na bahasha wakisema tumalizane kifamilia.

Wakili_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Kwa hospitali teule uliza mambo mawili: mwajiri wa aliyemzalisha mama ni nani, na mmiliki amesajiliwa kwa jina gani. Mara nyingi mmiliki ni Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa ya dayosisi au shirika, na ndiyo inayotajwa kwa jina lake kamili. Lakini wapo watumishi wa serikali walioazimwa humo, wanalipwa na halmashauri. Ikiwa hivyo, wote wawili wanaunganishwa na utaratibu wa siku 90 unafuatwa. Kwa hospitali binafsi kabisa notisi ya siku 90 haihusiki. Barua ya madai inatosha.

Kuhusu mahakama gani kwa hospitali binafsi, msitishwe na ukubwa wa fidia ya jumla. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri lililowahusu masista wa Our Lady of Usambara, kwamba kinachoamua mamlaka ya mahakama ni madai mahususi, si fidia ya jumla.

Bahasha msiipokee kwa kusaini karatasi ya "hatutadai tena". Kusaidiwa nauli au dawa ni ubinadamu, pokeeni, muandike kwamba ni msaada wa matibabu. Shauri likishafunguliwa, makubaliano yoyote kwa niaba ya mtoto yanahitaji ruhusa ya mahakama, ili jaji aone kama mtoto hajauzwa bei ya chini. Upatanishi wenyewe ni mzuri, na mahakama itawapeleka huko kwanza. Nendeni na makadirio ya daktari ya matibabu ya miaka ijayo, sio mikono mitupu.

Mkunga_Chumbageni

Na malalamiko kwenye mabaraza? Wengi huanzia huko.

Wakili_Ngamiani

Ni njia halali, ila ijulikane inatoa nini. Muuguzi au mkunga analalamikiwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, daktari analalamikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Yanaweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili. Fidia hayatoi, na muda wa ukomo haukusubiri uchunguzi wao umalizike. Faida yake ni kwamba wataalamu wanaitwa kueleza, na mengine yanayojitokeza huko yanafaa baadaye.

Shahidi mtaalamu ndiye uti wa mgongo wa shauri hili. Anatakiwa bingwa wa uzazi asome patografu na aseme, kwa sababu, kipi kilikuwa chini ya kiwango na kwamba hicho ndicho kilichosababisha jeraha. Kwa uzoefu wa mashauri ya aina hii, bora atoke nje ya mkoa, asiwe mtu aliyefanya kazi na mdaiwa. Uingereza, mapitio ya madai ya bega kukwama yaliyofanywa na mamlaka yao ya madai ya afya yaliona 46% ya majeraha yalihusiana na huduma iliyo chini ya kiwango. Maana yake zaidi ya nusu hayakuhusiana. Mtaalamu mwaminifu anaweza kukuambia huna kesi, na ni heri uambiwe mapema.

Kuna hoja nyingine ambayo familia huisahau: kuelezwa kabla. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la Montgomery dhidi ya bodi ya afya ya Lanarkshire, Scotland. Mama alikuwa na kisukari na umbo dogo, hatari ya bega kukwama kwa mama wa aina hiyo ilikuwa 9 mpaka 10%, daktari hakumwambia. Kichwa kilitoka, mwili ukachukua dakika 12. Mtoto alipata ulemavu wa ubongo pamoja na jeraha la mishipa ya mkono. Mahakama ilisema mgonjwa ana haki ya kuambiwa hatari yenye uzito kwake na njia mbadala, hata kama madaktari wengine nao wangenyamaza. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila unaweza kunukuliwa kwa ushawishi. Kwa hiyo kama mama alikuwa na kisukari au uzazi uliopita bega lilikwama, andikeni: kliniki aliambiwa nini kuhusu upasuaji, na nani?

BintiPangani

Gharama za wakili ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Pa kuanzia bure ni wapi?

Ustawi_Korogwe

TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Tanga, nendeni na kadi na zile nakala. Wasaidizi wa kisheria walio kwenye kata wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huduma yao ni bure. Watakuandikia barua na kukuelekeza, ila hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikipita wilayani kwenu, ulizieni kwa ofisi ya mkurugenzi ratiba yake. Na yeyote anayejiita wakili mkamtilia shaka, jina lake litafutwe e-Wakili, mfumo wa Mahakama. Vishoka wapo wengi nje ya majengo ya mahakama.

Wakili_Ngamiani

Kuna pia utaratibu wa kufungua shauri bila kulipa ada kwa asiye na uwezo, upo kwenye Amri ya XXXIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Unaombwa kabla ya kufungua, ukiambatanisha orodha ya mali za mwombaji. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inasaidia.

MzeeMuheza

Marahaba mwanangu. La mwisho. Mjukuu wa jirani ana miaka 4 kasoro miezi miwili, wamekaa kimya muda wote. Limekwisha hilo?

Wakili_Ngamiani

Halijaisha mzee, ila wasilale nalo hata wiki. Sheria ya Ukomo ina nafuu kwa aliye chini ya umri, na wakili wao ataitumia kwa madai ya mtoto. Kwa madai ya wazazi, miaka 3 imepita. Hapo kinachobaki ni kifungu cha 44: wanamwomba Waziri mwenye dhamana ya sheria aongeze muda, naye akiona ni haki anaweza kuongeza, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kwa kipindi kisichozidi nusu ya ukomo wa awali. Nusu ya miaka 3 ni mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo mwisho ni mtoto akiwa na miaka 4 na nusu. Wamebakiwa na miezi minane, na humo humo yamo maombi kwa Waziri, notisi ya siku 90 kama kituo ni cha umma, na kufungua shauri. Waende TAWLA Jumatatu na cheti cha kuzaliwa, kadi zote mbili, na barua inayoeleza kwa nini walichelewa. Barua ya kuomba majalada ipelekwe siku hiyo hiyo, na mtoto aanze kuonwa na fizio, maana hata katika umri huo bega lililokaza linaweza kusaidiwa.

Fizio_Raskazone

Wamlete kliniki ya mazoezi tiba Bombo. Waje na eksirei za zamani kama zipo, na wamvalishe fulana ya mikono mifupi inayovulika kirahisi.